Sahani au Paa: Nani Agharimie Huduma za Mtaa?

Somo la uraia kwa wakazi wa kata

Mvua zinaponyesha juu ya vilima vya Kigoma, maji hushuka kwa kasi kuelekea ziwani, yakibeba mchanga, majani na kila taka iliyoachwa njiani. Mfereji ukiwa mzima, maji hupita na watu hulala. Mfereji ukiziba, maji hutafuta njia yake katika vyumba vya watu. Mkutano wa mtaa ukiitishwa baada ya hapo, hoja ya kwanza huwa ni mfereji, na hoja ya pili, ambayo haikosekani, huwa ni fedha za kuuzibua.

Katika hoja hiyo ya pili watu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema kwamba kila anayekula mgahawani achangie kidogo katika bei ya chakula, kwa kuwa mji hutumiwa pia na wageni wasio na nyumba hapa. Wapo wanaosema kwamba mwenye nyumba aongezewe kodi ya jengo, kwa kuwa barabara na mfereji huilinda mali yake. Somo hili halitangazi kodi yoyote mpya. Linakusudia kumpa mkazi vipimo vya kupimia hoja hizo mbili, ili siku atakapoulizwa maoni asijibu kwa kukisia.

Maneno tutakayoyatumia

Katika mazungumzo ya kila siku tunachanganya kodi, ushuru na tozo, na kwa mlipaji yote matatu yana uchungu mmoja. Tofauti iliyo muhimu zaidi ni ile iliyopo kati ya mtu anayekabidhi fedha na mtu anayeubeba mzigo. Mwenye mgahawa anaweza kuwa ndiye anayekabidhi fedha kwa mkusanyaji, lakini akipandisha bei, mzigo umehamia kwa mlaji. Mwenye nyumba anaweza kuwa ndiye anayetajwa na sheria, lakini akipandisha pango, mzigo umehamia kwa mpangaji. Kwa hiyo kila tunaposikia kodi imependekezwa, swali la kwanza lisiwe "nani atalipishwa?" Liwe "mzigo utatua juu ya kichwa cha nani?"

Sheria inasemaje?

Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inakataza kutozwa kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kwa nguvu ya sheria hiyo. Hii ina maana kwamba mtaa hauwezi kuamka asubuhi na kutangaza tozo ya chakula, hata kama wakazi wote wamenyoosha mikono. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, ya mwaka 1982, ndiyo inayotaja vyanzo vya mapato vya halmashauri. Halmashauri ikitaka kutunga sheria ndogo chini ya mamlaka hayo, wakazi hupewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi, kisha idhini ya Waziri mwenye dhamana huhitajika kabla haijaanza kutumika.

Yapo tayari malipo yanayogusa biashara za chakula. Ushuru wa huduma, unaohesabiwa juu ya mauzo, ni chanzo cha halmashauri. Migahawa na hoteli zilizosajiliwa hutoza pia Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 na ambayo huenda Serikali Kuu. Tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kusajiliwa ni shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mama lishe wa kawaida yuko mbali sana na kiwango hicho.

Kodi ya majengo nayo ina historia ya kubadilika mikononi mwa watozaji. Sheria ya mwaka 1983 iliziwezesha mamlaka za miji kutoza majengo kwa kufuata thamani yake. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwaka 2018 viwango vya mkupuo viliwekwa: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida mjini, na shilingi 50,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa. Kuanzia Agosti 2021 kodi hii ikaunganishwa na ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita moja. Julai 2023 kiwango hicho kilipanda kuwa shilingi 1,500, na kwa kila sakafu ya ghorofa mijini kutoka shilingi 5,000 hadi 7,500.

Mkazi azingatie jambo moja hapa: viwango hivi vya mkupuo havipangwi na baraza la madiwani. Hata hivyo diwani na mbunge wanaweza kutumwa na wananchi kuyasema maoni yao panapostahili, na mjumbe asiyetumwa neno la maana hana cha kufikisha.

Hesabu ya sahani

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama lishe karibu na mwalo wa Kibirizi anauza ugali kwa migebuka, shilingi 3,000 kwa sahani. Tuseme imewekwa tozo ya asilimia 2. Kila sahani itadaiwa shilingi 60. Shilingi 60 ni fedha ndogo, lakini haina sarafu yake mfukoni mwa mteja. Mama huyo ama atatoza 3,100, ama atabakia na 3,000 na kupunguza kipande cha samaki, ama ataibeba mwenyewe.

Tuseme ameibeba mwenyewe. Akiuza sahani 40 kwa siku, mauzo yake ni shilingi 120,000 na tozo yake ni shilingi 2,400. Kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 62,400 kwa mwezi. Kumbuka kwamba tozo imehesabiwa juu ya mauzo, na katika mauzo hayo zimo fedha za samaki, unga, mawese, mkaa, maji na msaidizi wake. Kama baada ya gharama zote hubakiwa na shilingi 12,000 kwa siku, basi tozo iliyoitwa asilimia 2 imechukua sehemu moja ya tano ya riziki yake. Wakati huohuo nyumba ya kawaida iliyo nyuma ya jiko lake, yenye mita moja, inadaiwa shilingi 1,500 kwa mwezi.

Kama mzigo utahamia kwa mlaji, tujiulize mlaji huyo ni nani. Katika mji wetu, anayekula mgahawani mchana mara nyingi ni dereva wa bodaboda, mpagazi wa bandarini, fundi aliye mbali na kwake, mwanafunzi wa chuo, au mchuuzi wa sokoni Mwanga aliyeondoka nyumbani kabla ya alfajiri. Mtu mwenye nafasi anaweza kwenda nyumbani kula. Asiye na nafasi hula palipo na moshi. Kwa hiyo tozo ya chakula kinachopikwa mitaani inaweza kuwa nzito zaidi kwa yule mwenye kipato kidogo.

Hata hivyo hoja ya upande huu isidharauliwe. Kigoma ni mji wa bandari na mwisho wa reli. Wanaokuja kutoka Burundi na Kongo kwa biashara, na wanaopita kwenda kuwaona sokwe wa Gombe na Mahale, hutumia barabara zetu na huacha taka kama sisi. Hawana nyumba hapa, kwa hiyo kodi ya jengo haiwagusi moja kwa moja. Tozo ndogo katika hoteli na migahawa mikubwa, inayotoa risiti kwa mashine, ingewafikia. Tatizo ni kwamba migahawa ya namna hiyo ni michache kuliko majiko ya kando ya barabara, na kodi yenye walipaji wachache huleta fedha chache.

Hesabu ya paa

Sasa tupime upande wa pili kwa mfano wa kufikirika pia. Kata ina nyumba 2,000 za kawaida. Kila moja ikiongezwa shilingi 1,500 kwa mwezi juu ya ilizonazo, nyongeza hiyo ni shilingi milioni 3 kwa mwezi, sawa na shilingi milioni 36 kwa mwaka. Ili tozo ya chakula ya asilimia 2 ilete kiasi hichohicho, kata hiyo lazima iuze chakula cha shilingi bilioni 1.8 kwa mwaka. Kwa bei ya shilingi 3,000, hizo ni sahani 600,000, yaani zaidi ya sahani 1,600 kila siku pasipo kupumzika, na kila moja iwe imeandikwa mahali. Mkazi ajiulize mwenyewe kama katani kwake yupo anayeweza kuzihesabu sahani hizo, na mshahara wa mhesabuji utatoka wapi.

Nyumba ina sifa tatu ambazo sahani haina. Haihami, haifichiki, na thamani yake hupanda kwa kazi za umma. Barabara ya lami ikipita Gungu au Buzebazeba, kiwanja kilicho kando yake hupanda bei bila mwenyewe kushika jembe. Katika miaka ya karibuni, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuvamia ufuko, tulijifunza upande wa pili wa jambo hilo: nyumba isiyolindwa na kazi za umma hupoteza thamani hata kama kuta zake bado zimesimama. Kwa sababu hiyo si dhuluma mwenye nyumba kuombwa mchango.

Lakini ipo dhuluma inayoweza kuingia kwa mlango wa kiwango cha mkupuo. Nyumba ya vyumba viwili na jumba la vyumba kumi linalotazama ziwa, yote yasiyo ya ghorofa na yenye mita moja moja, hudaiwa sawa. Kuongeza kiwango hicho bila kugusa mfumo wake ni kumwongezea maskini kwa asilimia ileile ya tajiri, ilhali mali zao hazilingani.

Mzigo pia una tabia ya kuhama. Sheria inamtaja mmiliki, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, nyongeza ya shilingi 1,500 ni shilingi 250 kwa kila chumba kwa mwezi. Si kubwa, lakini si ya mpangaji. Mpangaji aliyelipa ana haki ya kukubaliana na mwenye nyumba ili fedha hiyo ipunguzwe katika pango, na inafaa makubaliano hayo yaandikwe kabla ya ugomvi kuzaliwa.

Mwisho, nyumba si fedha taslimu. Pale Ujiji zipo nyumba kubwa za mirathi ambamo anaishi bibi mmoja mjane na wajukuu. Nyumba ni kubwa, mkoba ni mtupu. Kumdai bibi huyo kwa ukubwa wa paa lake bila kuangalia uwezo wake ni kumlazimisha auze alichoachiwa. Ndiyo maana kodi ya majengo huhitaji misamaha iliyo wazi, na ndiyo maana kila mzee anapaswa kuelezwa misamaha iliyopo katika sheria na namna ya kuiomba.

Historia ya hapa inatufundisha nini?

Mambo haya si mageni katika ardhi yetu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipopita Uha akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone, alitozwa hongo na watawala wa njiani, mmoja baada ya mwingine. Mwisho aliona mali yake itaisha kabla ya safari, akaondoka na msafara wake usiku kwa njia za porini, na watozaji waliokuwa mbele yake hawakupata kitu. Somo lake ni hili: kinachotembea kikitozwa kupita kiasi hubadili njia. Mlaji hutembea. Mama lishe naye, akibanwa sana, huhamisha sufuria zake hadi uchochoro ambako mkusanyaji hafiki.

Kodi ya nyumba nayo ina kumbukumbu chungu. Utawala wa Wajerumani ulianzisha kodi ya vibanda mwaka 1897, na Waingereza wakaendelea na kodi ya kibanda na kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, familia zilijibu kwa kubanana katika vibanda vichache ili kupunguza deni. Kodi ile haikuuliza mwenye kibanda ana nini, wala haikumwonyesha alichopata. Baada ya uhuru, kodi ya maendeleo iliyotozwa na halmashauri kwa kila mtu mzima ilifutwa mwaka 2003, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu namna ilivyokusanywa. Watu wa umri wa makamo wanakumbuka vizuizi vya barabarani na vijana waliokimbilia mashambani walipowaona wakusanyaji. Kodi inayokusanywa kwa kufukuzana hugharimu heshima ya Serikali kuliko fedha inayoleta.

Wenzetu wamefanyaje?

Zanzibar ina ushuru wa mikahawa unaokwenda sambamba na ushuru wa hoteli, na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Huko watalii ni wengi, hivyo sehemu kubwa ya mzigo huweza kutua kwa mgeni. Kigoma haina wingi huo wa watalii, na mfano wa Unguja hauwezi kuhamishwa hapa kama mtumbwi unavyovutwa kutoka mwalo mmoja hadi mwingine.

Kenya kwa miaka mingi imetoza asilimia 2 ya mapato ya hoteli na migahawa kwa ajili ya kuendeleza sekta hiyohiyo, na Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1975, kimenufaika na fedha hizo. Hapo mlipaji anaweza kuonyeshwa jengo, darasa na mpishi aliyehitimu.

Mbali zaidi, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wapiga kura waliweka mwaka 1980 ukomo wa ongezeko la kodi ya majengo, asilimia 2.5 kwa mwaka. Miji ilipobanwa, jimbo liliiruhusu mwaka 2009 kuongeza asilimia 0.75 juu ya kodi ya milo, kila mji ukijiamulia wenyewe. Jimbo hukusanya na kuurejeshea mji fedha zake. Hata huko, pamoja na migahawa yote waliyonayo, kodi ya majengo imebaki kuwa nguzo na kodi ya milo imebaki kuwa kijiti cha kuegemeza.

Tunafikia wapi?

Hesabu na historia vinaelekea upande mmoja. Kwa mji kama wetu, paa ni msingi ulio imara kuliko sahani, kwa sharti kwamba mzigo uangalie ukubwa na thamani ya jengo, mzee na mjane asiye na kipato alindwe, na mpangaji asilipe deni la mwenye nyumba. Sahani inaweza kuongeza kidogo, kwa sharti kwamba itozwe pale tu penye mgeni, risiti na uwezo, na jiko la mama lishe liachwe. Tukiyaacha masharti hayo, njia zote mbili zitamfikia mtu yuleyule: mpangaji wa chumba kimoja, ambaye jioni hulipia paa katika umeme na mchana amelipia sahani katika ugali.

Lipo sharti jingine linalozitangulia njia zote mbili, nalo ni hesabu iliyo wazi. Mkazi anayeona kwenye ubao wa matangazo wa kata kiasi kilichopokelewa, mfereji uliozibuliwa na kiasi kilichobaki, hulipa akinung'unika lakini hulipa. Mkazi asiyeoneshwa kitu hunung'unika tu. Taarifa za mapato na matumizi ni haki ya mwananchi kuziuliza katika mkutano wa mtaa, na ni wajibu wa viongozi kuzijibu kwa tarakimu.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa mtaa

1. Katika mtaa wetu, ni huduma ipi moja ambayo wakazi wako tayari kuichangia zaidi, na kwa nini hiyo?

2. Hesabuni sehemu zinazouza chakula mtaani. Ngapi hutoa risiti? Ngapi ni za mama lishe? Tozo ya chakula ingeangukia zipi?

3. Ni nyumba ngapi za wapangaji zina mita moja? Wapangaji na wenye nyumba wamekubalianaje kuhusu kodi inayokatwa katika LUKU?

4. Ni wazee na wajane wangapi mtaani hawajui misamaha iliyopo katika sheria, na nani atawafikishia taarifa?

5. Mara ya mwisho mapato na matumizi yalisomwa lini katika mkutano wenu, na ni swali gani lilibaki bila jibu?

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano na yafikishwe kwa Mtendaji wa Kata na kwa diwani, ili hoja ya sahani na paa itakapoletwa rasmi, imkute mkazi ameshapiga hesabu yake.